Kadi za posta za zamani zenye picha za marobota ya pamba: leteni tuzisome pamoja

#1 Mkusanya Kadi

Wakuu, habari za jioni. Huu ni uzi wa wapenda vitu vya kale, na Wasukuma mliomo humu nawaita kwa jina kabisa, maana mali ni yenu.

Nakusanya kadi za posta. Siyo zile za twiga na Mlima Kilimanjaro zinazouzwa kwa wageni. Nazungumzia za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 hadi Vita vya Pili vya Dunia, na humo ndani nimejikita kwenye picha za kazi: bandari, reli, katani, karafuu, na zaidi ya zote pamba. Ukisema "kadi ya zamani ya Dar" watu wanawaza kanisa la Azania Front na minazi ya Kivukoni. Hizo zipo tele na bei yake imeshapandishwa. Za pamba hazina mgombea, kwa hiyo hata mtu wa kipato changu anazipata.

Nimefanya kazi ya kutoa na kupakia mizigo bandarini miaka mingi, marobota ya pamba yamepita mbele yangu mpaka nikayachoka. Ndiyo maana nikiona picha ya robota naangalia limefungwa na nini, mikanda mingapi, limeandikwa nini ubavuni.

Tuanze na Picha Na. 1. Kadi ya enzi ya Mjerumani, rangi ya kahawia. Katikati kuna sanduku la mbao lililosimama wima, linazidi kimo cha mtu. Juu yake kinaonekana kichwa na mabega ya kijana: yumo ndani ya sanduku, anakanyaga pamba. Wenzake wawili wameshika mti mrefu unaozungusha skrubu. Chini kulia yapo marobota manne yaliyokwisha kufungwa, na juu ya moja bwana wa Kizungu mwenye kofia ngumu ameweka mguu. Kijana wa kwenye sanduku nyuzi zimemganda mpaka kwenye nyusi. Suti nyeupe ya bwana haina hata unyuzi mmoja. Aliyewahi kusimama kwenye kiwanda cha kuchambua pamba anajua maana yake: bwana kaja kupigwa picha, kazi haimhusu.

Maandishi ya chini ni neno moja la Kijerumani, Baumwollpresse, yaani mashine ya kushindilia pamba. Hakuna mahali, hakuna mwaka, hakuna jina la mtu.

Sasa picha ya namna hii tunaisomaje? Msimamo wangu: maandishi ya mbele yaaminiwe mwisho. Kwanza mashine, halafu robota, halafu mgongo wa kadi. Nitashusha kidogo kidogo, mwenye yake aiweke.

#2 Dogo wa Kimara

Mkuu nimeona "robota" nikajua ni belo za Karume. Nimeweka kambi hapa, shusha madini.

#3 Mkusanya Kadi

Dogo, hujatoka nje ya mada. Mashine inayofunga belo la mitumba ni ndugu wa hiyo ya kwenye picha: sanduku, mgandamizo, mikanda. Ila robota la pamba la kwetu linacheza kwenye kilo 180, hilo hulibebi begani kupanda daladala.

Kwa nini pamba inashindiliwa? Ikitoka shambani ina mbegu ndani. Jineri, yaani mashine ya kuchambua pamba, inatenganisha: katika kila kilo tatu ulizopeleka, unapata nyuzi kama kilo moja, zilizobaki nyingi ni mbegu zinazokwenda kukamuliwa mafuta. Nyuzi zenyewe ni hewa tupu. Ukizipakia melini zilivyo unalipia nauli ya hewa, kwa hiyo mfanyabiashara anazigandamiza mpaka zinakuwa ngumu kama ubao, anazifunika kwa gunia, anazifunga kwa mikanda ya chuma.

Hapo ndipo kadi zinapoanza kusema. Robota la Kimarekani ni la ratili 500 hivi, kilo 225 na ushee. La Kihindi na la Afrika Mashariki liko kwenye ratili 400. La Misri ni jitu, linapita ratili 700. Ukipata kadi isiyo na maandishi, tafuta mtu aliyesimama karibu na robota umtumie kama kipimo.

Za Marekani zina kitu kingine ambacho wauzaji wa mtandaoni hawakijui, wanaandika tu "marobota ya pamba" basi. Kule robota lilikuwa linashindiliwa mara mbili. Jineri ya kijijini ilitoa robota nene, gunia limechanika, pamba inachungulia. Hilo lilikwenda kwa treni mpaka miji kama Memphis, Galveston au New Orleans, kwenye mashine kubwa ya mvuke iliyolibana likabaki nusu ya unene wake. Kwa hiyo kadi yenye magari ya nyumbu yaliyobeba marobota manene ni ya mwanzo wa safari, na ile ya gatini yenye marobota membamba yaliyopangwa kama matofali ni baada ya mashine. Hiyo mashine yenyewe ilikuwa inapigwa picha sana, chuma kirefu kama nyumba ya ghorofa na wafanyakazi weusi wamesimama pande zote mbili, na waliokuwa wakifunga mikanda walikuwa na sekunde chache tu kabla taya halijafunguka.

Kadi ya Picha Na. 1 inashindilia kwa mti na skrubu. Hiyo si bandarini, ni shamba au jineri ndogo ya bara, pasipo na injini. Tayari tumeshapunguza nusu ya ramani bila kusoma neno.

#4 Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, umeanza vizuri, lakini usiiache hiyo enzi ya Mjerumani ipite hivyo hivyo. Watoto wasome.

Pamba ya Mjerumani haikuja kwa hiari. Kule kwao kulikuwa na kamati ya uchumi ya makoloni iliyoundwa mwaka 1896, na kilio chake kikubwa kilikuwa kwamba viwanda vya nguo vya Ujerumani vinategemea pamba ya Marekani. Mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, ukaanza mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, na ulianzia wilaya ya Dar es Salaam hii hii. Kila jumbe alime shamba, watu wake watoke wakalime kwa zamu. Mapato yakagawanywa mafungu matatu: wafanyakazi, jumbe, na mfuko wa wilaya. Aliyelima akaondoka na kitu kidogo mno, na shamba lake la chakula limeota majani.

Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, milima ya Umatumbi, watu walikwenda kwenye shamba la pamba wakaing'oa miche. Ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Kinjeketile Ngwale akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, na moto ukaendelea kuwaka mpaka 1907. Waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa, ni makumi kwa makumi ya maelfu.

Sasa wewe unayo kadi nzuri ya bwana na suti nyeupe. Muulize huyo bwana pamba hiyo ililimwa na nani.

#5 Mkusanya Kadi

Shikamoo mwalimu. Umenisaidia kufika ninapotaka kwenda.

Baada ya Maji Maji hapakuwa tena na mashamba ya pamoja ya aina ile. Yakashamiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Kampuni za Ulaya zikafungua mashamba makubwa: kiwanda cha kusokota pamba cha Leipzig kilishika ardhi Saadani, na kampuni ya Otto ikalima Kilosa kwa majembe ya mvuke. Upande wa pili, Gavana Rechenberg, aliyetawala kuanzia 1906 hadi 1912, aliwapa nafasi wakulima wadogo, na Mwanza ikaanza kuinuka.

Kadi nyingi za pamba za wakati huo zimepigwa kwenye mashamba makubwa. Sababu ni rahisi, mpiga picha alikuwa anafuata reli na mteja. Reli ya Kati ilitoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Kilosa 1909, Tabora 1912, Kigoma 1914. Walter Dobbertin na C. Vincenti walikuwa na biashara zao hapa mjini, na wateja wao walikuwa Wazungu wanaotaka kuwatumia ndugu zao kitu cha kuonyesha kwamba huku kuna maendeleo. Robota lilikuwa ushahidi mzuri. Shamba la pamba ni vichaka tu, mtu wa Berlin haelewi anaangalia nini. Robota anaelewa: mali imefungwa, inakuja.

Ushauri kwa wanaonunua. Ukiuziwa kadi kwamba ni "pamba ya Mwanza ikipakiwa bandari ya Dar, enzi ya Mjerumani", mrudishie muuzaji. Pamba ya Mwanza ilivuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ikapanda reli ya Uganda mpaka Mombasa. Njia ya reli kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, tena chini ya Mwingereza.

#6 Fundi Simu Kariakoo

Mkuu mgongo wa kadi unausomaje? Babu yangu ameacha kadi kwenye kopo la biskuti, nyingine zina stempu nyingine hazina.

#7 Mkusanya Kadi

Hapo ndipo penye utamu, kaka.

Angalia kwanza mgongo umegawanywa au haujagawanywa. Zamani upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, ujumbe unaandikwa mbele, pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902, Ufaransa 1904, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kwa hiyo kadi ya Kijerumani yenye mwandiko umezunguka picha na mgongo mtupu kwa anwani, uwezekano mkubwa imechapwa kabla ya 1905.

Halafu stempu. Ukiona meli ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na bei iliyoandikwa kwa "Pesa" (jina la sarafu ya wakati huo), ni kabla ya heller, sarafu iliyoifuata. Stempu za heller zilianza 1905, na ya kijani ya heller 4 ndiyo iliyobeba kadi nyingi kwenda Ujerumani. Mji wa Dar ulichukuliwa na Waingereza Septemba 1916. Ukiona kichwa cha twiga na neno Tanganyika, ni 1922 kuja huku.

Lakini kumbuka kwamba stempu inakupa mwaka kadi ilipotumwa, siyo picha ilipopigwa. Muuzaji wa duka alikuwa anauza kadi moja miaka kumi. Ninayo ya marobota ya New Orleans iliyotumwa wakati magari ya mafuta yameshajaa mitaani, na kwenye picha bado ni nyumbu watupu.

Kama ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya kadi, za Marekani hasa, kwenye kisanduku cha stempu kuna neno AZO lenye alama pembeni. Pembetatu zote nne zikitazama juu ni kama 1904 hadi 1918. Mbili juu mbili chini, 1918 hadi 1930. Vijisanduku badala ya pembetatu, kuanzia katikati ya miaka ya 1920.

Na kioo cha kukuzia kiwe mfukoni. Picha halisi haina vitone kabisa, na sehemu zake nyeusi ukiziinamisha kwenye mwanga zinameta kama fedha. Ukiona vitone vya rangi vimejipanga maua maua, hiyo ni nakala ya juzi, hata kama imepakwa chai ionekane nzee. Kuna jamaa mmoja mjini alitaka kuniuzia ya aina hiyo kwa bei ya simu.

#8 Mama wa Ubungo

Wanangu mimi sijui kadi, najua robota. Nimefanya kazi kiwanda cha nguo hapa Dar, chumba cha kufungulia pamba, tangu nikiwa msichana.

Hamjasema kitu kimoja. Robota ukilikata mikanda, linapumua. Unakata wa kwanza, wa pili, ukifika wa mwisho unasimama pembeni, siyo mbele, maana mkanda unaruka kama nyoka na pamba inanyanyuka yenyewe. Tulikuwa tunaziacha zimekaa ndiyo tuzipeleke kwenye mashine, zirudi laini.

Na ndani yake tulikuta mambo. Mawe. Kamba za katani. Vipande vya gunia. Siku moja kufuli. Mtu alishaweka uzito wake akalipwa. Ukimwambia msimamizi anasema toa, endelea. Kipande cha gunia kikipita hadi kwenye uzi, kinakuja kuonekana kwenye kitambaa kimegoma kushika rangi, na lawama inakuja kwetu.

Huyo kijana aliyemo kwenye sanduku kwenye picha, mwenzangu huyo. Kifua chake kiliishia wapi hakuna aliyeandika.

#9 Dogo wa Kimara

Shikamoo mama. Hii ya mawe ndani ya robota nimeipenda, kumbe kupigwa hakujaanza na mitumba.

#10 Ng'wana Shinyanga

Nimeitwa nimekuja. Mimi ni mtoto wa dhahabu nyeupe, nimesomeshwa na pamba mpaka nikafika hapa Dar.

Mama hapo juu amesema ya mawe, na mimi sitayatetea. Ila jiulize mkulima alianza kuweka mchanga lini na kwa nini. Wazee wetu wanasimulia mambo ya mizani. Mnunuzi anasoma yeye, anaandika yeye, anahesabu pesa yeye. Mkulima amesimama upande wa pili, kilo zake anaambiwa tu. Kila familia kule kwetu ina hadithi ya gunia lililopimwa nyumbani likawa na uzito mmoja, likafika kwa mnunuzi likapungua.

Ndiyo ilikuwa mbegu ya ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliweka watu wao wa kusimama kwenye mizani ya wanunuzi na kukagua. Hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza walichodai: mtu wetu aone mshale. Kutoka hapo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, ambalo kufikia uhuru lilikuwa ndilo linalonunua pamba ya kanda nzima na kumiliki jineri zake. Huyo Bomani ndiye baadaye akawa waziri wa fedha na balozi wetu Marekani.

Yaliyofuata, ushirika kufutwa mwaka 1976, kurudishwa, madeni, wakulima kukopwa pamba, hayo mnayajua, sitaki kuharibu uzi wa watu.

Swali langu kwa mleta uzi: katika makadi yako yote, ipo yenye mizani?

#11 Mkusanya Kadi

Ng'wana wane, umenishika pale pale. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Kadi zangu za huku kwetu zina sanduku la kushindilia, zina marobota kwenye behewa, zina marobota kwenye tishari yakipelekwa melini. Kuna za wanawake wamekaa chini wanachambua, kuna za wapagazi. Sehemu ya kununulia, pale mkulima anapokutana na mnunuzi na bei inatajwa, sina hata moja. Sijaiona hata kwa wenzangu wanaokusanya.

Nadhani si bahati mbaya. Kadi ya posta ilitengenezwa iuzwe kwa mtu ambaye pamba imeshakuwa yake. Mpiga picha anaanza pale mkulima anapoishia. Robota likishafungwa halina tena jina la shamba wala la kijiji, lina alama ya jineri na namba iliyopakwa kwa rangi nyeusi. Ndiyo maana linapendeza kwenye picha, halina mgogoro. Mizani ina mgogoro.

#12 Kijana wa Posta Mpya

Mkuu hapa naona unalazimisha. Ingia mtandaoni tafuta kadi za Marekani, za kupima pamba zimejaa. Mtu na kapu lake, mizani imening'inia kwenye mti. Halafu kadi ni biashara, mtu anapiga kinachouzika. Kwani leo nani anachapa kadi ya mtu anabishana na kondakta?

#13 Mkusanya Kadi

Zipo kaka, na ninazo. Lakini hebu itazame tena hiyo ya Marekani. Mizani ile ni ya shambani, inapima mchumaji amechuma ratili ngapi apewe ujira wake wa siku. Pamba haijawahi kuwa yake. Na anayeshika jiwe la mizani ni msimamizi, mchumaji anatazama kamera kwa sababu ameambiwa acheke. Chini yake mara nyingi kuna maneno ya dharau kwa watu weusi ambayo sitayaandika hapa.

Linganisha na Lewis Hine. Huyu miaka ya 1910 alizunguka na kamera kwa niaba ya kamati ya kupinga ajira ya watoto, akapiga watoto kwenye mashamba ya pamba Texas na Oklahoma. Hakuwa anauza kadi. Yeye aliandika umri wa mtoto na ratili anazochuma kwa siku. Yaani mtu akitaka ukweli wa pamba anaandika uzito na jina. Akitaka kuuza kadi anaandika "mandhari ya pamba", imeisha hiyo.

Hoja yako ya biashara naikubali, ndiyo hiyo hiyo ninayoisema mimi. Kilichouzika ni robota.

#14 Binti wa Kisutu

Naomba nichangie kidogo, nyumbani kwetu ni biashara ya vitambaa tangu babu.

Hizo kadi za New Orleans msizione za mbali. Kabla hapajawa na pamba ya kuuza kutoka huku, sisi tulikuwa wateja. Merikani, yaani kitambaa cha pamba, iliyovaliwa pwani yote na kupelekwa bara na misafara ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na meli za Salem mpaka Unguja. Sayyid Said alitia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo alishakaa Unguja mwaka 1837. Na pamba ya viwanda hivyo ilichumwa na watumwa wa kusini kwao.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi, merikani ikaadimika huku, na nguo za Manchester na Bombay zikachukua nafasi. Misri nayo ikatajirika kwa pamba miaka hiyo hiyo. Kadi za Alexandria, mtaa wa Minet el-Bassal wenye maghala ya pamba, ni matunda ya utajiri huo.

Baada ya hapo mzunguko ukageuka. Pamba ya Afrika Mashariki ikawa inavuka kwenda Bombay, inarudi ikiwa nguo. Na wenye jineri nyingi walikuwa watu wa jamii zetu, siwezi kulikwepa hilo. Wapo waliocheza na mizani, wapo ambao wakulima waliwasindikiza kwa machozi walipohama. Yote mawili ni kweli.

#15 Mkusanya Kadi

Asante dada. Umenikumbusha Picha Na. 4, ya Togo, na hii ni ya ajabu kuliko zote.

Ile kamati ya Wajerumani aliyoitaja mwalimu ilimwandikia Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, Alabama, atume wataalamu wa pamba. Januari 1901 Wamarekani weusi wanne wakashuka Togo, kiongozi wao James Calloway, na majembe, na jineri, na mashine ya kushindilia. Vitu vyenyewe ni vizito, wanyama wa kukokota wakafa kwa maradhi, ikabidi watu wavute magari kutoka pwani. Watoto wa watumwa wa pamba wamekuja Afrika kufundisha pamba, kwa pesa ya mkoloni wa Kijerumani, na walioshika kamba ni Wa-ewe, wenyeji wa huko. Kadi za mashine za Togo ni za mradi huo, na mafanikio ya Togo ndiyo yaliyotumiwa kuhalalisha presha huku kwetu. Kule Rufiji, Mpanganya, kulikuwa na shule ya pamba kabisa.

#16 Bwana Shamba

Nyongeza ndogo. Wengi wanashangaa kwa nini kusini, ambako vita vya pamba vilianzia, leo hapaonekani pamba. Mikoa ya kusini ilizuiwa kulima kwa sababu ya funza mwekundu wa vitumba, ili asipande kuja kwenye maeneo makubwa ya uzalishaji. Kwa hiyo mwenye kadi ya pamba ya Kilwa ana picha ya kitu ambacho huwezi kwenda kukipiga upya.

#17 Fundi Simu Kariakoo

Wakuu nimefungua kopo la babu. Ipo moja yenye stempu ya twiga! Mbele ni bandari, marobota yamejaa kwenye boti pana isiyo na tanga, watu wanasukuma kwa miti. Maandishi yamefutika. Niipeleke kwa watu wa lamineshen hapa mtaani isiharibike zaidi?

#18 Mkusanya Kadi

USIIPELEKE. Nakuomba. Joto la mashine na ile plastiki ndiyo mwisho wa kadi, haitoki tena. Gundi pia usiguse, wala albamu yenye karatasi za kunata.

Hiyo boti ni tishari. Magati ya kina kirefu ya Dar yamekuja miaka ya 1950, kabla ya hapo meli ilitia nanga katikati ya bandari na mizigo ikafuatwa. Kwa twiga wako wa 1922 na kuendelea, na tishari, tuko vizuri. Sasa itazame ubavu wa robota la mbele kwa kioo. Kama kuna herufi na namba, tunaweza kujua imetoka mkoa gani.

Ishike kwa kingo, iskani pande zote mbili kwa nukta 600, nyuma ni muhimu kama mbele. Kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu, mbali na ukuta wenye unyevu, na kopo la biskuti lipumzike, lina kutu.

Anayetaka kulinganisha, picha za Dobbertin zimo kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na tangu 2008 nyingi zipo mtandaoni bure kwenye Wikimedia Commons. Tafuta namba 105 ikifuatiwa na DOA. Na Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, ingieni jamani, tusiwaachie wanafunzi na wageni peke yao.

#19 Fundi Simu Kariakoo

Nimeangalia kwa kioo cha kazini. Kuna M kubwa, halafu herufi imefunikwa na mguu wa mtu, halafu Z A. Chini yake 212.

#20 Ng'wana Shinyanga

M, kitu, Z A? Kaka iskani hiyo kadi usiku huu huu.